Huruma kwa Gharama ya Nani?



Nyuma ya nyumba tunayopanga wanafunzi 6 hapa Bujumbura kuna bustani ndogo ya lengalenga na nyanya. Pembeni yake lipo banda la mabati tunamoweka majembe na ndoo za kumwagilia. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alitoka mle mbio, mkono umeanza kuvimba. Chini ya boriti kulikuwa na kiota.

Wenzangu wakaamua kichomwe siku ile ile. Kitambaa, mafuta ya taa, kiberiti, kazi imekwisha. Mimi nikapinga. Nilisema kabla ya kuhukumu tujue kwanza tunamhukumu nani.

Kesho yake alfajiri, baada ya Swala, nilisimama mlangoni na kutazama. Hawakuwa nyuki. Nyuki ana vinyweleo mwilini, na sega lake ni la nta. Hawa walikuwa na mwili laini na kiuno chembamba, na waliporuka miguu yao mirefu ilining'inia. Kiota chao kilikuwa cha kijivu, mfano wa karatasi, kwa sababu hutafuna nyuzi za mbao na kuzichanganya na mate. Kilishikiliwa na kikonyo kimoja, vyumba vyake wazi vikitazama chini. Wala hawakuwa nyigu wa udongo, wale wanaojenga kwa matope ukutani na kuweka buibui ndani. Hao kila mmoja huishi peke yake, na ni nadra kumuuma mtu. Hawa wetu ni nyigu wanaoishi kwa ukoo na kuulinda. Nyuki akikuuma huacha mwiba wake, naye hufa. Nyigu huuchomoa, akarudia.

Usiku tukakaa kikao. Nikawakumbusha Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) katika Bukhari na Muslim, kuhusu Nabii aliyeumwa na sisimizi mmoja akaamrisha kijiji chao chote kichomwe, na Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuangamiza umma unaomsabihi. Nikataja Suratul An'aam, aya ya 38, inayotufundisha kuwa viumbe ni umma mfano wetu. Nikaongeza kwamba tumekatazwa kuadhibu kwa moto. Tena nyigu hao huwinda viwavi, ambao ndio wanaotumalizia mboga.

Mwenzangu mmoja alinijibu vizuri. Wadudu waliotajwa katika katazo la kuua ni sisimizi na nyuki, pamoja na ndege wawili, hudihudi na suradi. Nyigu hayumo. Na kanuni ya fiqhi ni kwamba madhara huondolewa. Nikasema madhara yanaweza kuondolewa bila kuua: tuingie polepole, tusibamize mlango, tusiwapungie mikono. Kura zikaniendea. Nililala nikijiona mtu mwenye huruma.

Mzee anayetulimia bustani, mkazi wa Buyenzi, huingia bandani asubuhi na jioni. Mimi huingia labda mara 1 kwa mwezi. Hakuna aliyemuuliza. Wiki ya 3 aliumwa shingoni na juu ya jicho. Jicho likafumba, akakaa nyumbani siku 2, na kwa mapatano yetu siku asiyolima hana malipo.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kiti, kisha akasema, "Mwanangu, nimesikia mliongea mpaka saa 5 usiku. Mliongea habari ya nyigu. Na mimi je?"

Sikuwa na jibu. Dalili nilizotoa zilikuwa sahihi, na hata leo sioni kosa ndani yake. Kosa langu lilikuwa kwamba niliamua kuvumilia maumivu yatakayompata mtu mwingine. Saburi ni yako unapoumwa wewe. Unapoumwa mwenzako ambaye hukumuuliza, umemdhulumu, hata kama uliyemhurumia ni kiumbe wa Mungu.

Tulimlipa siku zake 2, kisha tukamuuliza yeye tufanye nini. Alisema moto hautaki, kwa kuwa banda lina mbao na nyumba iko karibu. Akataka vyombo vyote vihamie barazani kwetu, na nyigu waachiwe banda, kwa sababu koo kama hizi hukaa miezi kadhaa, kisha kiota hubaki kitupu. Barazani ndipo tunaposomea, nasi tulikuwa tumekataa matope hapo tangu mwanzo. Safari hii tulikubali.

Nisieleweke vibaya. Wapo watu ambao mwiba mmoja tu huwabana pumzi, na wanaweza kufa wasipofikishwa hospitali haraka. Lau mmoja wetu angekuwa hivyo, au kiota kingekuwa juu ya mlango wa watoto wa madrasa, ningesema kiondolewe na mtu anayejua kazi hiyo, na nisingeona haya.

Lakini kwetu njia ilikuwepo, na gharama yake ilikuwa baraza chafu. Kila jioni nafagia udongo wa majembe kabla ya kufungua kitabu. Mara nyingine nachoka, nakumbuka jinsi nilivyoongea vizuri usiku ule, nami nikiwa sijafagia chochote.

Ndugu zangu, mnapokaa kikao kuamua jambo la huruma, tazameni kwanza ni nani hayupo chumbani. Wabillahi tawfiq.