Kifaru wa Guka

Guka alipofariki, tulifungua kopo lake la Kimbo pale nyumbani, nje kidogo ya Karatina. Ndani kulikuwa na kitambaa chenye kichwa cha kifaru, na kile kijisanduku cha chuma cha kipande, bado na kamba yake ya shingoni. Binamu yangu alitaka kitambaa kiuzwe mtandaoni. Eti kuna watu ng'ambo wanaokusanya alama za jeshi. Baba mdogo akasema kichomwe. "Beji ya mkoloni tunaiweka ya nini?" Shosho hakusema kitu. Mimi pia nilinyamaza, lakini swali limenikaa: alama ya jeshi ni ya nani, ya aliyeitoa au ya aliyeivaa?

Kifaru ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Iliundwa 1943, na vita vilipoisha ikavunjwa. Ndani yake mlikuwa na vikosi vya Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Mwaka 1944, mvua ikinyesha bila huruma, walishuka bonde la Kabaw kule Burma, wakiwasukuma Wajapani kwenye tope na malaria. Desemba wakaingia Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin.

Waruhiu Itote wa Nyeri alikuwa huko, koplo wa Keya. Katika kitabu chake cha 1967 anasimulia jinsi askari Mwingereza alivyomuuliza anapigania nini hasa. Miaka michache baadaye alikuwa Jenerali China, akiongoza wapiganaji wa Mau Mau kwenye msitu wa Mlima Kenya. Na kati ya waliotumwa kuwawinda walikuwamo Keya wengine.

Kwa hivyo baba mdogo ana hoja. Lakini kama alama ni ya aliyeitoa peke yake, basi hata ujuzi ambao Itote alirudi nao kutoka Burma ulikuwa mali ya Mwingereza. Sidhani kuna mtu Nyeri atakubali hilo.

Mimi naona alama ni ahadi. Serikali ikikushonea kifaru begani inakuambia: wewe ni wetu. Ila serikali hiyo hiyo ilikuwa imemning'inizia guka kipande shingoni. Vita vikaisha, wanajeshi wazungu wakatengewa mashamba kwenye nyanda za juu. Guka akarudi kutafuta kibarua Nanyuki. Ahadi ilivunjwa. Aibu ya hiyo ni ya aliyeahidi, si ya aliyeamini.

Hapo ningependa kumaliza, lakini haitakuwa haki. Guka alifyatua risasi. Vijana wa Kijapani aliowapiga hawakuwa wamechukua hata shamba moja la Nyeri. Kusema "alitumwa" hakutoshi. Kila aliyetumwa ana mikono yake mwenyewe.

Alinisimulia jambo moja tu kuhusu Bama, kama alivyoiita. Usiku mmoja walitembea gizani, yeye ameshika mkanda wa mwenzake wa Nyasaland. Hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili cha jeshi. Mwenzake akikanyaga shimo, anasema "shimo", naye anamwambia wa nyuma, "shimo". Hivyo hadi mwisho wa mstari. Nikamuuliza kama alikuwa akimfikiria Mfalme. Alicheka mpaka akakohoa.

Nafikiri kifaru aliyemhifadhi miaka hiyo yote ni wa huo mstari. Si wa Mfalme. Na kipande alikihifadhi pamoja naye ili asije akajidanganya, wala sisi tusije tukadanganywa.

Vyote viwili vimerudi koponi. Binamu bado ananitumia bei kwa WhatsApp. Nimemwambia sawa, lakini anayetaka kifaru achukue na kipande, haviuzwi mbalimbali. Mpaka leo hakuna mnunuzi hata mmoja aliyeuliza kuhusu kipande.