Mwuzaji na Mnunuzi Mgumu



Zamani mtu aliyetaka kuuza kitu chake kilichotumika alikipeleka sokoni, ama alimwambia jirani yake. Mnunuzi alikuja, akakigeuzageuza, akakisikiliza, akabishana kidogo juu ya bei, na mwisho wakapatana. Siku hizi mambo yamekuwa mengine. Mtu aliye Moshi huipiga picha simu yake ya zamani na kuitangaza mtandaoni. Mtu aliye Dodoma, ambaye hawajaonana kamwe, humpelekea fedha kwa njia ya simu, kisha kitu hupakiwa katika basi. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, kupelekeana fedha hivyo kumekuwa kazi nyepesi. Lakini kugombana nako kumekuwa kwepesi, kwa kuwa wagombanao hawaonani uso kwa uso.

Basi nataka tulifikiri swali moja: Je, nina wajibu gani kwa mnunuzi ambaye mwenyewe hana adabu, au hata hana haki? Wenye busara walisema zamani, Biashara haigombi. Methali hii ni njema, lakini haituambii tufanye nini ugomvi ukiisha kufika mlangoni.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe, wala si habari ya kunisifu. Niliuza kompyuta yangu ya mapajani kwa shilingi 350,000. Katika tangazo niliandika kwamba ni nzima na betri yake inakaa na chaji. Kweli ilikaa, lakini haikufika saa moja, nami nilijua. Siku ya tatu mnunuzi akaniandikia kwamba kompyuta huzimika baada ya dakika arobaini. Hakuandika kwangu peke yangu. Aliandika katika kundi la wauzaji na wanunuzi, mbele ya watu wengi, akaniita mwizi, akawataja na wazazi wangu kwa maneno yasiyofaa kurudiwa hapa. Nikawaka hasira. Nikamjibu kwamba kitu kilichotumika hakirudishwi, na kwamba mtu mwenye matusi hastahili kusikilizwa. Wengi wa kundi wakanitetea kwa sababu ya matusi yake, nami nikajiona nimeshinda.

Usiku ule mke wangu akaniuliza, “Baba watoto, lile neno la betri, ulimwambia?” Nikajibu, “Hakuuliza.” Akanyamaza. Nami nikalala vibaya, maana nilisikia jinsi jibu langu lilivyokuwa dogo.

Jambo la kwanza, basi, ni hili: Je, mtu aliyenyamaza amesema uongo? Swali hili ni la kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Rumi aliandika kitabu juu ya wajibu wa watu, akawataja wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso, walioshindana juu ya mtu auzaye nyumba yenye ubovu anaoujua yeye peke yake. Diogenes alishika kwamba mwuzaji aseme yale ambayo sheria yamlazimisha kusema, asidanganye, na mengine ni shauri la mnunuzi. Antipater alishika kwamba yampasa kumfunulia mnunuzi yote ayajuayo. Cicero mwenyewe alimfuata Antipater. Alisema kuwa kuficha si kunyamaza tu. Kuficha ni kutaka mwenzako asijue neno linalomhusu, ili wewe upate faida kwa kutojua kwake.

Naona kipimo hiki ni cha haki. Mkwaruzo ulio juu ya kioo cha simu huonekana katika picha. Mnunuzi akiudharau, shauri lake. Lakini betri za simu na kompyuta huchakaa ndani kwa ndani. Kila zinapotiwa chaji na kutumiwa hupungukiwa nguvu kidogo, wala hakuna picha iwezayo kuonyesha upungufu huo. Vivyo hivyo simu ambayo ingali imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza: yang’aa kama mpya, lakini mnunuzi akitaka kuianza upya ataikuta imefungwa. Tena twakumbuka jinsi Serikali ya Tanzania ilivyozizima simu bandia tarehe 16 Juni 2016. Aliyekuwa amenunua simu ya namna hiyo bila kujua alibaki na kipande cha plastiki mkononi. Ubovu wa namna hii aujua mwuzaji, na mnunuzi aliye mbali hawezi kuujua asipoambiwa. Kwa hiyo neno “Hakuuliza” halimwokoi mtu. Mtu huuliza juu ya jambo analolishuku. Sasa mimi niliandika betri ni njema ili asishuku.

Hata sheria ya nchi yatwambia sehemu ya neno hili. Sheria ya uuzaji wa bidhaa katika nchi zetu ilifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, nayo yataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Na sisi tuliojifunza Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 twajua kwamba katika Amri ya Saba bidhaa mbaya na biashara ya hila zimehesabiwa pamoja na wizi. Basi yule mnunuzi aliponiita mwizi, alilisema neno hilo kwa ukali na kwa matusi, lakini hakuwa mbali na kweli.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Je, matusi yake hayakuniondolea deni? Moyo wangu ulisema ndiyo. Ulisema, “Angalikuja kwa adabu, ningalimrudishia fedha zake.” Lakini tazameni, ndugu, jinsi moyo unavyochanganya hesabu mbili. Mwenye duka mwenye akili haandiki deni la sukari katika ukurasa wa chumvi. Deni la betri lilikuwa juu yangu tangu siku nilipoandika tangazo, kabla hajanitukana. Deni la heshima lilikuwa juu yake tangu siku aliponitukana. La pili haliwezi kulifuta la kwanza. Nikisema kwamba asiye na adabu hana haki, nimejifanyia sheria mpya ambayo kwayo kila niliyemdhulumu atapoteza haki yake mara akipiga kelele. Na ni nani anayedhulumiwa asipige kelele?

Lakini labda mtu atasema, “Wewe ulikuwa na kosa. Vipi mwuzaji asiye na kosa? Wako wanunuzi wadanganyifu.” Ni kweli, wako, wala haifai kuhubiri kana kwamba hawako. Mimi naona wanunuzi wagumu ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni mwenye hofu. Amekwisha danganywa mahali pengine. Huuliza neno moja mara kumi, hupiga simu usiku, hudhani kila kimya ni hila. Huyu yampasa kuvumiliwa. Analipa kwa ajili ya makosa ya wauzaji wengine, na pengine fedha ile ni akiba yake ya miezi mingi.

Wa pili ni mpunguzaji. Amekubali bei, amepokea kitu, kisha huanza kutafuta ila ili arudishiwe sehemu ya fedha. Kitabu cha Mithali chamtaja mnunuzi anayekikashifu kitu mbele ya mwuzaji, kisha huenda zake akijisifu. Kumbe watu wa namna hii ni wa zamani sana. Huyu apewe jibu fupi, bila hasira: “Tulipatana hivi, kitu ni kama nilivyosema, kama hukitaka, kirudishe kama nilivyokupa, nami nitakurudishia fedha zako.” Aliye na haja ya kweli atakirudisha. Aliyetaka punguzo tu atanyamaza.

Wa tatu ni mdanganyifu kabisa. Hutuma ujumbe wa uongo wa kwamba fedha zimefika, au huomba muamala ugeuzwe akiisha kupokea kitu, au hutoa kifaa kizima ndani ya simu, akaweka kibovu, akarudisha. Huyu simdai upole wa kumlipa. Wako ndugu wanaodhani kwamba Mkristo hana budi kumpa kila adaiye. Naona sivyo. Mtu aweza kusamehe kilicho chake. Lakini karo ya mtoto si yake peke yake, na mdanganyifu akilipwa leo atakwenda kwa mjane kesho. Ukitaka kumpa mtu fedha kwa huruma, mpe, na useme ni huruma. Usikubali kuandika kwamba ni deni, maana kweli nayo ina haki yake.

Lakini twende polepole hapa. Katika Amri ya Nane tumefundishwa kuyatafsiri mambo ya mwenzetu kwa upande ulio mwema. Wa namna ya kwanza na wa namna ya tatu husema maneno yale yale: “Kitu chako ni kibovu.” Aliyekwisha kasirika humwona kila mtu kuwa wa namna ya tatu. Kwa hiyo yafaa mwuzaji ajiwekee ushahidi mapema, ili asilazimike kuhukumu mioyo.

Katika neno hili Ibrahimu ni mwalimu wetu. Alipolinunua shamba la Makpela kwa Efroni, alipima shekeli mia nne za fedha mbele ya watu langoni pa mji, na katika mapatano vilitajwa shamba, na pango, na miti iliyokuwamo. Hakukubali mambo yaachwe gizani, ijapokuwa alisemezwa kwa maneno matamu. Nasi tufanye vivyo. Andika ila zote unazozijua, nawe uanze na ile kubwa, maana mficha maradhi kifo humwumbua. Piga picha ya kitu kikiwa kimewashwa, pamoja na namba yake. Simu ina namba yake ya IMEI yenye tarakimu kumi na tano, nayo huonekana ukibonyeza *#06#. Patana mapema juu ya siku ambazo mnunuzi ataweza kukirudisha, na nani atalipa nauli. Usiamini ujumbe wa fedha mpaka umetazama salio lako mwenyewe. Na ugomvi ukitokea, ufuate njia tuliyofundishwa katika Mathayo sura ya 18: kwanza wawili peke yao, kisha shahidi mmoja au wawili, na mwisho mkutano. Yule mnunuzi wangu alianzia mwisho. Nami nilimjibu huko huko, nikapendezwa na shangwe ya watu.

Mtu mwingine atasema, “Wote huficha. Mimi nikisema kweli, nitauza kwa hasara.” Hoja hii si ya kipumbavu. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi George Akerlof wa Marekani aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alipewa, pamoja na wenzake wawili, tuzo ya Nobel. Alionyesha kwamba wanunuzi wasipoweza kutambua kizima na kibovu, hukataa kulipa bei ya kizima; ndipo wenye vitu vizima huondoka sokoni, wakabaki wenye vibovu. Basi ni kweli kwamba msema kweli huweza kupata hasara. Lakini tazama ni nani aliyemtia hasara hiyo: ni wale waliojificha kabla yake. Tangazo langu la betri halikumwibia mnunuzi mmoja tu. Liliwaibia na wauzaji waaminifu, kwa kuwa yule mtu hatawaamini tena.

Nimalize habari yangu. Asubuhi nilimwandikia mnunuzi peke yake. Nikamwambia kwamba nalijua habari ya betri, na kwamba achague: arudishe kompyuta nami nimrudishie fedha zote na nauli, au nimpelekee bei ya betri mpya. Alichagua betri. Nikampelekea shilingi 60,000. Kisha nikaandika katika kundi lile lile kwamba nilificha neno, na kwamba alikuwa na haki ya kudai. Hilo lilikuwa gumu kuliko fedha.

Hakunishukuru. Wala hakuyafuta matusi aliyoandika. Yangaliko, na mtu akiyatafuta atayaona. Kwa siku kadhaa nilingoja aniombe radhi, mpaka nikatambua kwamba nilikuwa ninadai malipo kwa kulipa deni. Deni lake la heshima li kwake, na atalilipa au hatalilipa. Langu nimelilipa. Sasa, ndugu, kila mmoja wetu aliye na kitu cha kuuza na akitazame tena kabla hajaandika tangazo, ajiulize ni neno gani ambalo angependa lisiulizwe. Na aanze kuandika kwa neno hilo.