Ukuta wa Watu Hauna Risiti

Mjukuu wangu, nimesikia umepata vyumba viwili vya kupanga Sinza. Kodi umelipa ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye kachukua mwezi wake. Hongera. Lakini nimesikia pia kwamba umeshaita fundi aje avunje jikoni, abandike marumaru ukuta mzima, ajenge na kaunta ya zege. Hapo moyo ukanishtuka. Keti kwanza, unisikilize.

Njia hiyo nimeipita mimi. Nilipanga Magomeni, ndoa yangu ikiwa changa, bibi yako akipikia chini, mgongo umempinda juu ya jiko la mkaa. Nikaona aibu. Pesa yote ya upatu nikaizika pale: saruji, nondo, marumaru nyeupe, sinki la bati.

Mwenye nyumba alipopita, akatelezesha kiganja juu ya ile kaunta, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe mnadani. "Umeipendezesha nyumba yangu," akasema. Mkataba ulipokwisha, kodi ikapanda, maana sasa nyumba ilikuwa na jiko zuri. Nikashindwa. Tukahama na sufuria zetu, kaunta tukaiacha. Bibi yako hakuniuliza kitu njia nzima, na hilo ndilo lililoniuma.

Mpangaji hupaka, mwenye nyumba hupanga. Kilichoshikwa na saruji ni cha nyumba, mwanangu, hata kama jasho ni lako.

Kwa hiyo nakusihi, usijenge. Nunua kinachohamika. Nenda Keko kwa maseremala, wakutengenezee meza ndefu ya mbao yenye rafu chini, ya kufika kiunoni mwa mpishi, iliyofungwa kwa bolti ili ifunguke siku ya kuhama. Pima mlango kabla hujaagiza. Namjua mtu aliyekata miguu ya meza yake mwenyewe ili itoke nje. Na usihadaike na kabati la MDF linalong'aa pembeni ya sinki. Likinywa maji linavimba kama andazi lililosahaulika kwenye chai, na likivimba halirudi tena.

Ukutani, osha masizi kwa sabuni na maji ya moto, kisha paka rangi ya mafuta pale michuzi inaporukia. Inapanguswa na tambara, basi. Hata hiyo rangi omba ruhusa, tena kwa maandishi. Ukirekebisha bomba la nyumba, andikianeni kwanza kwamba gharama itakatwa kwenye kodi, mtie saini wote wawili. Usiseme mwenye nyumba ni mtu mzuri. Wangu pia alikuwa mzuri mpaka siku ile.

Sasa hili ndilo linaloninyima usingizi. Hela yako ni kidogo, ianzie kwenye visivyopigwa picha: bomba linalovuja chini ya sinki, waya uliochunika, mpira wa gesi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inalala sakafuni na kungoja cheche. Usiufungie mtungi ndani ya kabati zuri lisilo na matundu chini. Ukiunganisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakichemka, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya taa, toka nje. Nimekaa kando ya kitanda cha mtoto wa watu, mikono yote imefungwa bandeji, kwa sababu baba yake alinunua marumaru za bei na mpira wa kuokoteza. Nakusihi, mjukuu wangu, mpira kwanza, urembo baadaye.

Fundi naye usimlipe yote mkononi. Fundi aliyelipwa asubuhi hana jioni. Nunua vifaa mwenyewe, risiti uweke kwenye kopo la majani ya chai kama afanyavyo bibi yako.

Mwambie asubiri hadi Jumamosi. Nitakuja na futi kamba yangu, nikukute umeuweka mkataba mezani tuusome pamoja. Tafadhali, baba, asipige nyundo hata moja kabla sijafika.