Ufunguo wa Kabati

Mtoto yule alizaliwa saa tisa usiku, wa kiume, mzito, amelegea kama kitambaa kilichotoka majini. Nilikuwa zamu leba, na mwenzangu wa pekee alikuwa akihangaika na mama mwingine upande wa pili wa pazia. Nilimfuta, nikamsugua mgongo, nikamvuta makamasi, nikamsugua tena, nikamvuta tena. Zilipita dakika nne, huenda tano, ndipo nikakumbuka mfuko wa kupulizia hewa, ule tunaouita ambu. Nilipombandika barakoa usoni, hewa ilitokea pembeni, wala sikujua nirekebishe nini. Kifua hakikupanda. Tulimfunika kwa khanga ya mama yake.

Miezi minane kabla ya usiku ule nilikuwa nimehudhuria semina ya siku moja juu ya jambo hilohilo. Mtihani wa mwisho nilifaulu. Cheti nilikitia fremu nikakitundika sebuleni.

Alfajiri, bibi wa mtoto alinishika mkono. "Usilie, mwanangu," akaniambia. "Kazi ya Mungu haina makosa." Nikaitikia kwa kichwa, na nikaondoka na faraja ambayo haikuwa yangu. Nimefanya ukunga kwa miaka 31 na neno hilo nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mara nyingine lilisemwa mahali pake. Mara nyingine tulilipokea sisi wauguzi kama mtu anavyopokea chenji iliyozidi, anaitia mfukoni na kunyamaza.

Mimi ni Muislamu, na kadari naiamini, kheri yake na shari yake. Lakini tangu alfajiri ile swali limenikaa kooni: kazi yangu inaishia wapi, hata niwe na haki ya kusema kwamba kilichobaki ni kazi ya Mungu?

Mtoto asiyelia hapewi muda mrefu. Anakaushwa na kusisimuliwa. Asipopumua, apuliziwe hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Kichwa kikae sawa, kisiinamie kifuani wala kisipinduliwe mno nyuma. Barakoa ishike kidevu, mdomo na pua bila kuacha upenyo. Kisha mkono ubonyeze kwa utaratibu, kama mara 40 kwa dakika, na jicho litazame kifua kama kinapanda. Haya yote niliyajua. Ungeniuliza mchana, nimekaa kwenye kiti, ningekujibu bila kukosea neno. Usiku ule mikono yangu ilirudi kwenye kile ilichokuwa imekizoea kwa miaka mingi, yaani kusugua na kuvuta makamasi, huku sekunde zikienda.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kule Mbulu, nikajiona mwenyewe ndani yake. Mwaka 2010 wahudumu wa pale walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue. Miezi saba baadaye walipimwa kwa mwanasesere, wakafanya vizuri sana kuliko mwanzo. Lakini walipochunguzwa kwa watoto wenyewe, pale kitandani, utendaji wao haukuwa umebadilika. Mwaka uliofuata wakashika njia nyingine. Mazoezi yakafanyika palepale kazini, dakika 3 hadi 5 kila wiki, na mara moja kwa mwezi dakika 40. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Kati ya tarakimu hizo mbili kuna watoto wanne hivi katika kila elfu. Zamani wangezikwa, na juu ya makaburi yao tungesema lilelile neno la bibi yule. Sisemi kwamba Mungu alibadili hukumu yake kule Mbulu. Nasema tulikuwa tukimpachika Yeye jambo lililokuwa mikononi mwetu, na kumpachika Mungu uzembe wako ni utovu wa adabu ambao sijui kama tumewahi kuutubia.

Utotoni kwetu Tanga nilisomeshwa na maalim aliyekuwa hafidhi. Msahafu wote ulikuwa kifuani mwake, na bado kila alfajiri, kabla sisi watoto hatujafika chuoni, alikuwa ameshadurusu juzuu nzima. Siku moja nikamuuliza kwa nini anasoma alichokwisha kuhifadhi. Akacheka. "Hii haikai, binti yangu. Kila usiku inafungasha mizigo." Nilikuwa na miaka tisa, nikadhani ni mzaha wa wazee. Wapo wanazuoni wanaolihusisha neno la Kiarabu la binadamu, *insan*, na kusahau. Kama ni hivyo, basi swala tano kila siku ni huruma kwa kiumbe anayesahau, na hakuna anayekuja msikitini akasema, mimi niliswali vizuri sana mwaka juzi, nina cheti.

Huko makazini, sivyo tulivyozoea kujifunza. Kujifunza kwetu ni kwenda hotelini, kukaa chini ya feni, kunywa chai na sambusa, kusaini daftari la posho, kisha kurudi. Nimeipokea posho hiyo na imelipa ada za wanangu, kwa hiyo simlaumu mwenye kuihitaji. Ninachosema ni kwamba ilitufundisha kwamba elimu iko mbali na kitanda cha mgonjwa, na kwamba ukiambiwa ujifunze ukiwa zamu bila posho, unaonewa. Hospitali niliyokuwamo ilikuwa imepewa mwanasesere wa mazoezi. Alikuwa kabatini, ofisini kwa matroni, ndani ya nailoni yake, kwa sababu aliandikwa kwenye leja na angepotea mtu angekatwa mshahara. Usiku, matroni akiwa nyumbani kwake, ufunguo ulikuwa naye.

Nilikwenda kwa sheikh mmoja ninayemheshimu nikamweleza habari ya mtoto yule. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema Mungu hamhesabii mtu lililo nje ya uwezo wake. Nikamwambia, "Sheikh, uwezo wangu ulikuwa kabatini." Akanyamaza kitambo, kisha akanikumbusha jambo nililolisoma nikiwa msichana: Imamu Ghazali aliitaja tiba kuwa ni faradhi ya kifaya. Wakiwapo wa kuitimiza, jamii nzima imetuliwa mzigo. Asipokuwapo hata mmoja, dhambi ni ya wote.

Nimelitafakari hilo muda mrefu. Kifaya inamgusa matroni na ufunguo wake, inamgusa aliyeandika leja, inamgusa mganga mkuu ambaye hakuuliza kabati lina nini, nami niliyepita mbele ya mlango ule miezi minane bila kubisha. Na ipo sehemu ya pili, inayonitisha zaidi. Faradhi ya kifaya hugeuka kuwa ya lazima kwa mtu mmoja pale anapobaki yeye tu wa kuitekeleza. Saa tisa usiku, pale kitandani, nilibaki mimi tu. Fiqhi inamtwisha dhamana anayetibu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba. Mimi nilijulikana. Leseni ninayo. Lakini elimu iliyoachwa ikakauka, ina tofauti gani mbele ya mtoto na ile ambayo haikuwahi kuwapo? Nimetafuta tofauti hiyo kwa nia njema, na sijaiona.

Ilinichukua muda kumwomba matroni, na kwa haki yake alikubali siku hiyohiyo. Mwanasesere akahamia leba, juu ya meza, karibu na mizani. Kila kukabidhiana zamu tukawa tunampulizia hewa, mmoja mmoja, wenzetu wakitazama. Kilichokuwa kigumu ni aibu. Wiki ya kwanza binti wa miaka 24, aliyeajiriwa juzi, alinitazama nikibonyeza akasema kwa sauti ndogo, "Samahani, mama, inavuja hapa chini ya kidevu." Chumba kizima kikakaa kimya. Uso uliniwaka. Nikamwambia, nionyeshe. Akaweka vidole vyake juu ya vyangu, akavisogeza kidogo sana, kiasi cha upana wa punje ya mchele, na kifua cha mwanasesere kikapanda. Upana huo ndio ulionishinda usiku ule.

Dini yetu inatenganisha dhambi baina ya mja na Mola wake na haki ya mja mwenzake. Ya kwanza nimeiombea toba na nina matumaini. Ya pili haisamehewi mpaka mwenyewe asamehe. Mama wa mtoto yule anauza mihogo ya kukaanga karibu na stendi. Nikipita jioni huniamkia, "Shikamoo, sista," akanichagulia kipande kilichokauka vizuri, akaniongezea pilipili na ndimu, na mara nyingine akakataa pesa. Bado sijamwambia.