Rangi Haikanyagi Breki

Pale Sultan Hamud, matrela yanapopumzika kando ya barabara ya Nairobi–Mombasa, kila mtu ana nadharia yake. Gari jekundu ni la wenye haraka. Jeupe ni la watu wa heshima. Probox nayo ni Probox tu, hata uipake rangi gani. Tunacheka, lakini swali si la mzaha: rangi inaweza kutuambia lolote kuhusu aliyeshika usukani?

Watafiti wamejaribu kujibu. Mwaka 2003, utafiti wa Auckland, New Zealand, ulikuta kwamba kwa magari ya rangi ya fedha, hatari ya ajali zenye majeraha makubwa ilipungua kwa karibu nusu. Mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Monash, Australia, kikasema jeupe ndilo afadhali. Jeusi lilizidi kwa hatari kwa asilimia 12 mchana, na ile fedha iliyosifiwa ikajikuta upande wa jeusi. Kumbuka, Monash walikuwa wanapima gari linavyoonekana na wengine. Roho ya dereva haikupimwa.

Hata serikali yetu iliwahi kushika brashi. Sheria za Michuki za 2004 ziliipa matatu mstari wa manjano. Lakini pamoja na mstari zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Nani anaamini kazi ya kupunguza mwendo ilifanywa na rangi?

Shida yangu na hizi hadithi za rangi ni hii: zinahamisha lawama. Baada ya ajali, neno la kwanza la dereva huwa “sikumwona”. Eti mwenye kosa ni yule ambaye hakuonekana. Sasa fikiria mtoto anayevuka saa moja jioni na sweta yake nyeusi ya shule. Yeye hakuchagua rangi. Ukiwa na mwendo wa 100, sekunde moja inakula mita 28. Ukiwa na 50, inakula 14. Hizo mita 14 za tofauti ziko chini ya mguu wako, si mwilini mwake.

Nunua gari jeupe ukipenda, litakusaidia kuonekana. Lakini kuona wengine ni deni lako wewe, na halilipwi kwa rangi.