Hadhi ya Mwanadamu Katika Zama za Mwamko

Mnamo mwaka 1195 hivi, kadinali kijana aitwaye Lotario wa Segni aliandika kitabu juu ya unyonge wa mwanadamu. Alimfuata mtu tangu tumboni mwa mama hadi kaburini: anazaliwa akilia, anaishi kwa jasho na hofu, anaishia kuwa chakula cha funza. Aliahidi kuandika kitabu cha pili juu ya hadhi ya mwanadamu huyohuyo. Mwaka 1198 akachaguliwa kuwa Papa Inosenti III, na ahadi ile haikutimizwa. Kilichobaki ni kitabu cha unyonge, nacho kilinakiliwa na kusomwa kote Ulaya.

Jibu lilitoka katika jamhuri ya Firenze zaidi ya miaka 250 baadaye. Mnamo 1452 Giannozzo Manetti, mjumbe wa jamhuri hiyo na mjuzi wa Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, aliandika kitabu juu ya hadhi na ubora wa mwanadamu, akampinga Inosenti waziwazi. Hakukana kwamba watu huugua na kufa. Alishikilia kwamba kiumbe aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu hawezi kupimwa kwa uozo wake peke yake, na kwamba akili ya mtu na kazi ya mikono yake humshuhudia Muumba.

Kati ya vitabu hivyo viwili ilizaliwa namna mpya ya kusoma. Walioianzisha waliitwa baadaye wahumanisti, kwa sababu ya masomo waliyoyafundisha: sarufi, balagha, ushairi, historia na falsafa ya maadili. Siku hizi jina hilo hupewa mara nyingi watu wanaoishi bila dini, na hapo ndipo wengi hupotea. Wahumanisti wa Italia walikuwa Wakristo, na baadhi yao walikuwa makatibu wa Mapapa.

Mwaka 1345 mshairi Francesco Petrarca, aliyewatangulia, alikuta mjini Verona barua za Cicero, msemaji wa Roma ya kale, ambazo zilikuwa zimesahaulika. Alitarajia kukutana na mwenye hekima aliyetulia. Badala yake alimkuta mwanasiasa mwenye wasiwasi na kigeugeu. Uchungu ulimfanya amwandikie Cicero barua ya lawama, ingawa alikuwa amekufa karibu miaka 1,400 iliyopita. Kitendo hicho kinaeleza mengi. Waandishi wa kale waliacha kuwa hazina ya methali za kukariri, wakawa watu wa zama zao, wenye lugha ya zama zao.

Mwenye kujua kwamba lugha ina zama zake hushika silaha kali. Kwa muda mrefu Mapapa walikuwa wametegemea hati iliyodai kwamba Kaisari Konstantino, katika karne ya 4, aliwakabidhi mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Mwaka 1440 mhumanisti Lorenzo Valla alionyesha kuwa hati hiyo ni ya kughushi. Aliyahoji maneno yake moja baada ya jingine: ilikuwaje karani wa Konstantino awataje masatrapi, maliwali wa Kiajemi, kana kwamba walikuwa sehemu ya serikali ya Roma? Valla alimtumikia mfalme wa Napoli, aliyekuwa na ugomvi na Papa, na hilo lisifichwe. Lakini hoja zake zilisimama, kwa kuwa ushahidi ulikuwa ndani ya hati yenyewe. Kati ya yote yaliyotokana na uhumanisti, pengine hili ndilo kubwa kuliko yote: ukongwe wa andiko haukutosha tena kuthibitisha ukweli wake.

Hadhi ya mtu ilionekana pia katika sanaa: Manetti mwenyewe alitoa mfano wa kuba la kanisa kuu la Firenze. Msanifu Filippo Brunelleschi alilijenga kati ya 1420 na 1436, likaziba uwazi wa zaidi ya mita 40 bila jukwaa la mbao la kulishikilia kutoka chini. Brunelleschi huyohuyo alivumbua kanuni ya kuchora umbali, na Leon Battista Alberti akaiandikia kitabu mwaka 1435. Zamani mchoraji aliweza kumkuza mtakatifu na kumdogosha mwombaji kadiri ya cheo chao mbinguni. Kanuni mpya ilipanga kila kitu kuanzia mahali anaposimama mtazamaji.

Mnamo 1427 hivi mchoraji Masaccio aliuchora hivyo Utatu Mtakatifu katika kanisa la Santa Maria Novella mjini Firenze. Watu wawili wa kawaida, waliopiga magoti pembeni, wana ukubwa unaolingana na ule wa Kristo msalabani. Chini yao imelala mifupa ya maiti. Ukuta mmoja umebeba hadhi ya Manetti na funza wa Lotario, na mchoraji hakuona sababu ya kufuta kimojawapo.

Mwanafalsafa Giovanni Pico della Mirandola alienda mbali zaidi ya Manetti. Mwaka 1486, akiwa na umri wa miaka 23, aliandaa hoja 900 za kujadiliwa Roma na hotuba ya kuzifungulia. Hotuba inaanza kwa kumtaja Abdala Mwarabu, aliyesema kwamba hakuna cha kustaajabisha kuliko mtu. Kisha Pico anamweleza Adamu kuwa kiumbe asiyepangiwa mahali: anaweza kushuka hadi kwa wanyama au kupanda hadi kwa malaika, kwa hiari yake. Msomaji wa Kiswahili, ambaye neno lake mwanadamu limembeba Adamu ndani yake, hasumbuki kuona kwamba hapo wanasemwa watu wote. Papa Inosenti VIII aliuzuia mjadala huo, na hoja 13 zikashutumiwa.

Watu wote walisemwa, lakini si wote waliohesabiwa. Msomi Isotta Nogarola wa Verona alijadili mwaka 1451 nani alikosa zaidi, Adamu au Hawa. Ili kumtetea Hawa ilimbidi akubali kwamba mwanamke ni dhaifu kwa maumbile, kwani mlango mwingine hakuachiwa. Nikola V, Papa aliyependa vitabu na ambaye Manetti alimtumikia baadaye, alitoa mwaka 1452 hati iliyomruhusu mfalme wa Ureno kuwatia utumwani Waislamu na wapagani. Mwaka 1505 majeshi ya Ureno yalizipora Kilwa na Mombasa. Hadhi iliyoandikwa kwa Kilatini safi haikuwafikia wenyeji wa miji hiyo.

Ndani ya Ulaya swali la hadhi na hiari ya mtu liligeuka kuwa la wokovu. Mhumanisti Erasmus wa Rotterdam, aliyechapisha maelezo ya Valla juu ya Agano Jipya mwaka 1505, alitoa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, na Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, akatumia toleo lake la pili kulitafsiri kwa Kijerumani. Mwaka 1524 Erasmus aliandika kutetea hiari ya mtu kumwelekea Mungu au kumwacha. Luther alimjibu mwaka uliofuata: katika wokovu mtu hana hiari yoyote, yote ni neema.