Kura na Ukweli

Mtu akiinua mkono barazani, anasema nini? Pengine anasema, "Hiki ndicho ninachokitaka." Pengine anasema, "Hii ndiyo kweli." Maneno hayo mawili hayafanani, na kuyachanganya huleta madhara. Sisi Wakongo tuliliona jambo hilo mwaka 1960.

Tarehe 5 Septemba mwaka ule Rais Kasa-Vubu alimwondoa Lumumba katika uwaziri mkuu, naye Lumumba akatangaza kwamba Rais ndiye aliyeondolewa. Sheria ya Msingi ilimpa Rais uwezo wa kuwaondoa mawaziri. Lakini Bunge lilikataa uamuzi wake. Basi, pande zote mbili zilidai kiti cha Kongo katika Umoja wa Mataifa, huko New York. Tarehe 22 Novemba Baraza Kuu lilipiga kura: nchi 53 ziliwakubali wajumbe wa Kasa-Vubu, 24 zilikataa, 19 zilijizuia.

Walioulizwa waliulizwa neno moja tu: wajumbe gani wametumwa kwa haki? Swali lilikuwa gumu, na watu waadilifu wangeweza kuhitilafiana. Lakini tuitazame ile mikono. Marekani na rafiki zake walikuwa huku. Urusi ya Kisovyeti na rafiki zake kule. Ghana na Gine, rafiki za Lumumba, nazo zilikataa. Kama ni sheria tu iliyopimwa, mbona mikono ilifuata urafiki? Siku tano baadaye Lumumba alitoroka Léopoldville. Akakamatwa, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga.

Wengine watasema: mjumbe hutumwa na nchi yake, hana budi kuitetea. Ni kweli, wakati wa kugawana misaada au kupatana bei. Lakini akiulizwa ni nani mwenye haki, amekwisha kuwa shahidi, na shahidi hana rafiki. Wahenga walisema: Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Haya, mwamba ngoma na avute, mwamuzi asivute.

Wala tusiwacheke wakubwa wale. Hapa Kasongo na Kabambare pia, wazee wakikaa kuamua ugomvi wa shamba, yuko atazamaye ukoo kabla ya kutazama mpaka. Tukiwa wengi tutashinda, lakini mpaka hauhami kwa kuhesabiwa mikono. Basi, tuombwapo ushahidi, tujiulize kwanza: huyu angekuwa adui yetu, tungesema vivyo hivyo? Tukiweza kujibu ndiyo, hapo tuinue mkono.